Kusindika kwa presha nyumbani: kwa nini maji yanayochemka hayatoshi

Oktoba 2008, wanafunzi watatu wa shule moja ya bweni Kampala walilazwa hospitali wakiwa na dalili za kupooza. Mmoja wao alifariki. Vipimo vilionyesha sumu ya botulinum aina A, na hiyo ikawa mara ya kwanza Uganda kuthibitisha mlipuko wa ugonjwa huo unaotokana na chakula. Wachunguzi walipofuatilia walichokula, walikuta kwamba wote watatu walikuwa wametumia kiungo chenye mafuta kilichotengenezwa nyumbani, cha namna ambayo watoto wa bweni wengi hubebewa na wazazi ili chakula cha shule kipate ladha. Hicho ndicho kilichoshukiwa kuwa chanzo.

Naanza na tukio hilo kwa sababu hamu ya kufunga chakula kwenye chupa imeingia jikoni kwetu, na imeingia kwa picha. Mtu anafungua simu, anamwona mama wa Marekani akipanga rafuni chupa za kioo zenye nyama, maharage, supu na samaki, akisema vitakaa mwaka mzima bila friji. Kwa mtu ambaye umeme wake unakatika, ambaye nyanya zikishuka bei anaziona zinaoza sokoni na baada ya miezi mitatu ananunua moja moja, hiyo ni picha tamu. Hamu yenyewe sina ugomvi nayo. Jibu langu kwa swali la kama inawezekana nalitoa mapema: inawezekana, ila kwa chombo mahususi, kwa kipimo kinachofuata mwinuko wa mahali ulipo, na kwa mapishi machache kuliko wengi wanavyotamani.

Ufundi wenyewe ulianza bila mtu kuujua undani wake. Nicolas Appert, mtengeneza peremende wa Ufaransa, alifunga vyakula kwenye chupa za kioo zilizozibwa kwa vizibo, akazichemsha majini, na mwaka 1810 serikali ya nchi yake ikampa zawadi ya faranga 12,000 kwa kuwa jeshi lilihitaji chakula kisichooza safarini. Kwa nini hakikuoza, Appert hakuweza kueleza. Maelezo yalisubiri kizazi cha Louis Pasteur. Mwaka 1858 Mmarekani John Landis Mason alipata hataza ya chupa yenye shingo ya skrubu, na kuanzia hapo kazi ya kiwandani ikawa pia kazi ya jikoni.

Tatizo ni kwamba njia ya Appert ilifaa sana kwa matunda, na kwa nyama na mboga ilifaa siku nyingi na kuua siku chache. Mwaka 1895, katika kijiji cha Ellezelles nchini Ubelgiji, wanamuziki wa bendi walikula paja la nguruwe lililohifadhiwa kwa chumvi; wengi waliugua na watatu wakafa. Profesa Émile van Ermengem aliichunguza nyama hiyo akamtenga bakteria ambaye leo anaitwa Clostridium botulinum. Nyama ile haikuwa ya chupa, lakini bakteria aliyetambuliwa ndiye yuleyule anayevizia ndani ya chupa. Mwaka 1917 Wizara ya Kilimo ya Marekani ikatamka kwamba kwa vyakula visivyo na uchachu, njia salama ni moja tu, nayo ni presha. Zaidi ya karne imepita na tamko hilo halijabadilika.

Tumwangalie basi bakteria huyu, maana kila kanuni ya kazi hii inatoka kwake. Anaishi udongoni, karibu kila pahali duniani, kwa hiyo karoti, kiazi na haragwe huja naye kutoka shambani. Akiwa mahali penye hewa hana madhara, kwa kuwa oksijeni humzuia kukua. Mazingira yakimwia magumu hujifungia ndani ya spora, gamba gumu ambalo huvumilia maji yanayochemka kwa saa kadhaa. Anachongoja ni mahali pasipo hewa, penye unyevu, pasipo asidi ya kutosha, na penye joto la kawaida la chumbani. Chupa ya maharage iliyochemshwa ikafungwa vizuri ina vyote vinne. Kuchemsha kumewaua bakteria wengine ambao wangeharibu chakula kwa harufu na povu ukashtuka mapema, kumefukuza hewa, na kumeziacha spora peke yake kwenye nyumba safi. Baada ya siku kadhaa zinaamka, zinazaana na kutoa sumu. Mara nyingine kifuniko huvimba au chakula hutoa harufu mbaya. Mara nyingine hakuna dalili yoyote.

Aliyekula huanza kuumwa, kwa kawaida, baada ya saa 12 hadi 36. Kope zinalegea, anaona vitu viwili viwili, mdomo unakauka, maneno yanakuwa mazito, kumeza kunakuwa taabu, kisha udhaifu unashuka mikononi na miguuni hadi kwenye misuli ya kupumulia. Homa mara nyingi haipo na akili hubaki timamu, na ndiyo maana ugonjwa huu hudhaniwa kuwa kiharusi au kitu kingine. Tiba ni dawa ya kupinga sumu inayotolewa mapema, pamoja na mashine ya kupumulia, wakati mwingine kwa wiki nyingi. Msomaji anaijua hali ya hospitali ya wilaya yake kuhusu vitu hivyo viwili.

Kinachomshinda bakteria huyu bila presha ni asidi. Mpaka umewekwa kwenye pH 4.6: chini ya hapo, spora haziwezi kuamka hata zikiwemo chupani. Kwa hiyo nanasi, pasheni, jemu, na achari iliyotiwa siki ya kutosha husindikwa kwa maji yanayochemka tu na yanatosha. Watu wa Mombasa na Unguja, waliozoea achari ya embe bichi na ndimu kwa chumvi na uchachu, wamekuwa wakiitumia kanuni hii vizazi na vizazi. Lakini tusidhani kila tunda ni chachu. Papai na ndizi mbivu ziko upande wa hatari. Nyanya zinakaa mpakani kabisa, na nyingine huvuka, ndiyo maana mwongozo wa Marekani unataka kila chupa ya nusu lita ipate kijiko kimoja cha chakula cha maji ya limao ya dukani, au robo ya kijiko cha chai cha asidi ya sitriki, na chupa ya lita ipate mara mbili ya hapo. Wanasisitiza limao la chupa ya dukani kwa sababu uchachu wake umepimwa na haubadiliki. Limao la shambani lina uchachu wa msimu wake.

Vyakula vingine vyote tunavyotamani kuvipanga rafuni viko ng'ambo ya mpaka: nyama, kuku, samaki, maharage, mahindi, njegere, viazi, mchicha, uyoga. Na hapa ndipo watu hujaribu kufidia kwa kuchemsha muda mrefu. Machi 2006, katika jimbo la Nan kaskazini mwa Thailand, wanakijiji walichemsha vichipukizi vya mianzi wakavifunga kwenye madebe bila presha, kisha wakavila kwenye hafla. Zaidi ya watu 200 waliugua, na makumi kati yao walihitaji mashine za kupumulia. Aprili 2015, katika mji wa Lancaster jimboni Ohio, waumini walikula pamoja chakula cha kanisani, na humo mlikuwa na saladi ya viazi vilivyosindikwa nyumbani kwa maji ya kuchemka. Watu 29 waliugua na mmoja akafa. Septemba 2023 ilikuwa zamu ya Bordeaux, Ufaransa: dagaa wa sardini waliofungwa kwenye chupa na mgahawa waliwasababishia ugonjwa zaidi ya wateja kumi kutoka nchi mbalimbali, na mwanamke mmoja akafariki. Ufaransa ndiko Appert alikozaliwa.

Huwa kuna mtu atakayejibu kwamba nyanya yake alichemsha nyama kwenye chupa miaka arobaini na hakuna aliyeumwa. Namwamini. Spora haziwi nyingi katika kila chupa, na siyo kila spora huamka. Lakini anayesimulia ni yule aliyesalimika.

Sasa presha yenyewe inafanya nini? Haina uchawi wowote. Maji kwenye sufuria ya wazi hayapandi zaidi ya nyuzi 100 za sentigredi hata ukoleze moto namna gani. Moto unaozidi unaishia kwenye mvuke. Ukiufungia mvuke huo ndani ya chombo kizito, joto linapanda. Kwa paundi 10 hadi 15 za presha, kipimo kilekile cha upepo wa tairi, mvuke hufika nyuzi 115 hadi 121. Kwenye nyuzi 121 spora za botulinum hufa kwa dakika tatu hivi. Muda mrefu unaousoma kwenye majedwali, dakika 75 au 90, ni wa kulingoja joto lifike katikati ya chupa, kwenye kipande cha nyama kilicho mbali kabisa na kioo.

Hapa pana jambo ambalo video nyingi hazimwambii mtu wa Afrika Mashariki. Geji ya presha hupima tofauti kati ya ndani ya chombo na hewa ya nje. Dar es Salaam, kwenye usawa wa bahari, paundi 10 zinakupa nyuzi 115. Nairobi iko takriban mita 1,800 juu ya bahari. Hewa ya nje ni nyepesi, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, na paundi zilezile 10 zinakupa kama nyuzi 112. Nyuzi tatu zinaonekana kidogo. Kwa spora, nyuzi tatu ni kupoteza takriban nusu ya nguvu ya kuua. Mpishi wa Nairobi anayefuata video ya mtu anayeishi pwani ya Marekani amefuata kila hatua na bado chakula chake hakijaiva kwa maana inayohusika.

Mwongozo wa Wizara ya Kilimo ya Marekani umeliwekea hili hesabu. Kwa chombo chenye kizito cha juu, kile kinachotikisika na kupiga kelele, ni paundi 10 hadi mwinuko wa mita 305, na kuanzia hapo kwenda juu ni paundi 15. Kwa chombo chenye geji ya mshale ni paundi 11 hadi mita 610, 12 hadi mita 1,220, 13 hadi mita 1,830, na 14 hadi mita 2,440. Dakika hazibadiliki, presha ndiyo inayobadilika. Kwa maneno mengine Mombasa, Tanga, Dar na Unguja wanatumia kipimo cha chini. Morogoro tayari inadai kizito cha 15. Arusha na Kigali zinadai 13 kwa geji ya mshale au 15 kwa kizito. Eldoret, iliyo juu ya mita 2,000, inadai 14 au 15. Nairobi imelala karibu na mstari wa mita 1,830, na ukipanda kuelekea Limuru umeshauvuka. Sehemu kubwa ya bara letu la Afrika Mashariki iko juu ya mita 305, kwa hiyo paundi 10 ni kipimo cha watu wachache sana hapa.

Ndipo linapokuja swali la chombo. Presha kuka ya kupikia maharage, ya lita tano au saba, wengi wanayo. Haifai kwa kazi hii, hata ikifikisha paundi 15. Chombo cha kusindikia, kwa mujibu wa mwongozo huo, lazima kitoshe angalau chupa nne za karibu lita moja zikiwa zimesimama. Sababu si ukubwa kwa ajili ya ukubwa: chombo kizito hupanda joto polepole na kupoa polepole, na joto la nyakati hizo mbili limehesabiwa ndani ya muda uliopimwa. Chombo kidogo hupanda upesi na kupoa upesi, na dakika zilizoandikwa zinapungua thamani. Sufuria za umeme za vitufe nazo zina kasoro hiyo, tena mwenye nyumba hawezi kuiona presha halisi iliyo ndani. Wanaotengeneza vyombo vinavyokubalika wamejikita Marekani, Presto na All American wakiwa ndio wanaojulikana zaidi. Ukiweza kuchagua, chukua chenye kizito. Geji ya mshale hupotea kipimo na inatakiwa kukaguliwa kila mwaka, na huku kwetu sijui fundi wa kumpelekea. Waswahili walioko Marekani wana nafuu, kwa sababu ofisi nyingi za ugani za kaunti hukagua geji.

Chupa nazo zina masharti. Zinazotakiwa ni zile za kioo kilichotengenezwa kuhimili joto la presha, zenye kifuniko cha vipande viwili: bamba jembamba lenye utando wa kuziba, na pete ya skrubu ya kulishikilia. Bamba hutumika mara moja tu. Chupa ya jemu au ya asali ya dukani yenye kifuniko cha kipande kimoja ni nzuri kwa kuwekea viungo, na kwenye presha inaweza kupasuka au kushindwa kuziba.

Tuseme vyote vipo, na umeamua kuanza na nyama ya ng'ombe. Ikate vipande, ondoa mafuta, ikaange kidogo ipate moto, ijaze kwenye chupa za moto pamoja na supu inayochemka, na uache nafasi ya sentimita 2.5 juu. Futa midomo ya chupa, maana punje ya mafuta huzuia kuziba. Weka maji ya moto ndani ya chombo, kina cha sentimita 5 hadi 7.5, chupa zikae juu ya kichanja. Funga mfuniko mkubwa lakini usiweke kizito. Mvuke ukianza kutoka kwa nguvu, uache utoke dakika 10 kamili. Wengi huiruka hatua hii wakiona wanapoteza gesi, na ni kosa baya: hewa iliyobaki ndani ikichanganyika na mvuke, geji husoma presha sahihi huku joto likiwa chini. Baada ya dakika hizo weka kizito, ngoja presha ifike, ndipo uanze kuhesabu: dakika 75 kwa chupa za nusu lita, 90 kwa za lita. Presha ikishuka chini ya kipimo hata mara moja, irudishe na uanze kuhesabu upya kutoka sifuri.

Sharti hilo la mwisho ndilo linaloitoa kazi hii kwenye jiko la mkaa. Kushikilia presha sawasawa kwa saa moja na nusu kwa kupepea na kuchochea ni kujitafutia maudhi. Gesi inafaa, mradi mtungi usiwe unakaribia kuisha. Ukizima moto, kiache chombo kipoe chenyewe hadi presha iwe sifuri. Kukimwagia maji baridi kunavuruga hesabu na kunaweza kuvunja chupa. Jumla, kutoka kuwasha hadi kufungua, tenga saa tatu. Chupa zikae bila kuguswa saa 12 hadi 24, kisha bonyeza katikati ya kila bamba: lililoziba limezama na halichezi.

Maharage makavu yanafuata njia hiyohiyo: yaloweke, yachemshe dakika 30, yafunge na maji yake, dakika 75 kwa nusu lita na 90 kwa lita. Samaki wanadai dakika 100 katika chupa za nusu lita. Viazi ni vya kumenywa na kukatwa vipande, dakika 35 kwa nusu lita na 40 kwa lita.

Na sasa habari isiyopendeza. Maharage ya nazi, mchuzi wa samaki wa nazi, makande yaliyorojeka, boga lililopondwa, uji, wali, supu iliyowekwa unga, chochote chenye maziwa: hivyo havifungwi. Kwenye supu nyepesi joto husafiri kwa maji yanayozunguka ndani ya chupa. Kwenye rojo joto hutambaa kutoka tone hadi tone, na unene hutofautiana kati ya mpishi na mpishi, hata kati ya leo na kesho kwa mpishi yuleyule. Mafuta nayo huzikinga spora zisipate joto la unyevu. Mwongozo wa Marekani hauna jedwali la tui la nazi, na kuongeza dakika kwa kukisia ni kucheza kamari. Mwenye maharage ya chupa atayaunga kwa nazi siku ya kula.

Ukiweka gharama zote mezani, chombo cha bei nafuu huanzia zaidi ya dola 100 za Marekani huko kinakotengenezwa, kabla ya usafiri na ushuru, na vifuniko hununuliwa upya kila mara. Wakati huohuo tunazo njia ambazo zinamnyima bakteria unyevu badala ya kumchoma: dagaa wa jua, michembe na matobolwa ya viazi vitamu huko kanda ya ziwa na Tabora, kisamvu kikavu, nyirinyiri ya wafugaji wa kaskazini mwa Kenya. Kwa kaya nyingi hizo, pamoja na jemu na achari, ndizo hatua za kwanza za busara. Presha naipa nafasi kwa kikundi cha akina mama wenye chombo kimoja cha pamoja, kwa mfugaji au mvuvi mwenye mavuno ya ghafla, na kwa ndugu zetu walioko Marekani ambao chombo, chupa na ofisi ya ukaguzi viko karibu nao.

Kinachopungua ni utafiti wa chakula chetu wenyewe. Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro, Makerere, na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta pale Juja vina idara za sayansi ya chakula, na SIDO, shirika la viwanda vidogo la Tanzania, imefundisha usindikaji kwa miaka mingi. Kupima joto linavyoingia ndani ya chupa ya makande, ya kisamvu au ya samaki wa Ziwa Victoria, kisha kuandika jedwali kwa Kiswahili lenye mwinuko wa Mbeya na Eldoret, ni kazi inayowezekana kwa vifaa vya maabara ya kawaida. Wakaifanye. Na wewe msomaji, hadi majedwali hayo yatoke, fuata yaliyopo bila kupunguza neno. Na chupa yoyote ya nyama, samaki au maharage iliyosindikwa bila presha, usiionje hata kwa ncha ya ulimi. Itupe ikiwa imefungwa, mahali ambapo mtoto, kuku na mbwa hawafiki.